Nukta pembeni ya nota inaongeza nusu ya NINI? Besi tunagombana

#1 BesiWaKona
Wakuu heshima kwenu.

Naimba besi kwaya ya parokia, huu ni mwaka wa 11. Miaka yote hiyo nimesoma solfa, yaani do re mi kwa herufi: d r m f s, nukta mbili, kistari, basi. Mwaka huu tumeletewa mwalimu mpya, kijana, kaja na nota za mistari mitano. Sawa, tukajifunza. Minimu mapigo mawili, krocheti pigo moja, kwava nusu pigo. Nikajiona nimeiva.

Halafu zikaja nukta.

Mwalimu anasema nukta "inaongeza nusu". Nikakariri hivyo: nukta ni nusu pigo. Krocheti yenye nukta, pigo moja na nusu, safi kabisa. Ikaja minimu yenye nukta, nikaivuta mapigo mawili na nusu, kwaya nzima ikanigeukia. Kumbe ni matatu. Alhamisi tukapewa wimbo wa 6/8, krocheti ileile, nukta ileile, mwalimu anasema hiyo ni PIGO MOJA.

Naomba kueleweshwa: nusu ya nini? Na inakuwaje nota moja iwe pigo moja na nusu Jumanne, Alhamisi iwe pigo moja? Kwenye solfa nukta inagawa pigo, haiongezi kitu. Mwenzangu wa besi anasema mwalimu anabahatisha tu. Nawasilisha.

#2 Sauti_ya_Tatu
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa paleee.

#3 FundiKinanda
Ni nusu ya nota iliyowekewa hiyo nukta. Siyo nusu ya pigo.

Semibrivi ni 4, nukta yake inaleta 2, jumla 6. Minimu ni 2, nukta 1, jumla 3. Krocheti 1, nukta nusu, jumla 1½. Kwava nusu, nukta yake robo, jumla robo tatu. Ulianza na mfano wa krocheti ukaufanya sheria, na kwa krocheti peke yake sheria yako inakubali, ndiyo maana hukustuka.

Ya 6/8 nitarudi, kengele inanisubiri.

#4 MamaNyanya
FundiKinanda kasema kweli ila kaeleza kama mhasibu. Mimi nauza nyanya na naimba sauti ya pili. Ukichukua fungu la buku nakuongezea nyanya moja. Ukichukua sado naongeza kiganja. Ukibeba tenga, hapo tunazungumza. Hujawahi kuona mtu wa fungu la buku akadai nyongeza ya tenga. Nukta ni nyongeza hiyo, inaangalia mzigo ulionunua.

#5 Mchokozi_Tz
Sado bei gani kwa sasa?

#6 MamaNyanya
Njoo inboksi.

#7 Kasorobo
Assalaam alaykum jamaa. Mie napiga kanuni (ala, si sheria) na nota nilizisomea Unguja, Dhow Countries Music Academy. Mwalimu wetu alitumia lugha ya saa na mpaka leo sijasahau. Krocheti ni saa moja. Nukta ya kwanza, saa moja u nusu. Nukta ya pili, saa mbili kasorobo. Nukta ya pili haiongezi nusu ya nota, inaongeza nusu ya ile iliyoongezwa na nukta ya kwanza. Kwa hivyo 1, kisha ½, kisha ¼.

#8 Sauti_ya_Tatu
Kumbe zipo hadi nukta mbili? Mimi nilijua kila nukta ni nusu, zikiwa mbili basi mapigo mawili kamili.

#9 Kasorobo
Ingekuwa mawili kamili mtunzi angeandika minimu akapumzika. Asingejichosha na vinukta. Na ukiongeza ya tatu, ya nne, hutofika mbili hata siku moja, unaikaribia tu kama mdaiwa anayelipa nusu ya deni lililobaki kila mwezi.

#10 BesiWaKona
#4 nimekuelewa kuliko mwalimu wangu, Mungu akubariki. Ila swali la 6/8 bado. Na kumbe ile yangu ya mawili na nusu, hakuna nota yake kabisa?

#11 FundiKinanda
Nimerudi. Ya mawili na nusu haina nota moja. Unaandika minimu na kwava, unaziunganisha kwa upinde, unaimba kama kitu kimoja. Na pale ambapo mlio unavuka mstari wa kugawa bari (bari ni kile chumba cha mapigo kati ya mistari miwili ya kusimama), nukta haifai, tumia upinde huohuo. Nukta inakaa ndani ya bari yake.

Sasa 6/8. Ndani ya bari kuna kwava 6, zimefungwa tatu tatu. Anayeongoza anapiga mkono mara mbili. Kila pigo lina kwava tatu, na nota inayobeba kwava tatu ni krocheti yenye nukta. Nota haijabadilika, ilikuwa kwava tatu Jumanne na ni kwava tatu Alhamisi. Kilichobadilika ni kitu unachokiita pigo.

#12 Kasorobo
Chukua kanga. Ukihesabu vipande ni viwili, ukihesabu doti ni moja. Nguo ni ileile. Mtu akikuuliza "ngapi?" lazima umuulize ngapi nini.

#13 MamaNyanya
Doti na doti, hahaa. Umenifurahisha.

#14 AltoKisumu
Wadau, hapo kwa 6/8 mimi napinga. Shuleni tukijiandaa kwa tamasha la muziki tulifunzwa namba ya chini inasema nota gani ni pigo. Chini kuna 8, basi kwava ndiyo pigo, na yako sita. Kwa hesabu hiyo krocheti yenye nukta ni mapigo MATATU, si moja.

#15 BesiWaKona
Sasa ni 1, ni 1½ au ni 3? Nilikuja na majibu mawili, mmeniongezea la tatu.

#16 FundiKinanda
AltoKisumu, wimbo ukiwa wa polepole sana kiongozi anaweza kupiga sita, hapo uko sawa. Ukichangamka huwezi kupiga sita bila kufanana na mtu anayefukuza nyuki.

#17 AltoKisumu
Kwa hivyo inategemea mkono wa mtu? Hiyo si hesabu, hiyo ni siasa.

#18 Harusi_Mbili
Acha niwape mkasa. Tulikuwa na wimbo wa kuingilia harusi, 6/8, juu kabisa imeandikwa krocheti yenye nukta ni sawa na 60. Mpiga kinanda wetu hakuiona nukta. Wala hakuiona krocheti. Aliona 60 na 8 ya chini, akaweka metronomu (ile mashine ya kuhesabu mapigo) 60 kwa KWAVA.

Pigeni hesabu wenyewe. Iliyotakiwa ni kwava 180 kwa dakika, sisi tukaenda 60. Maharusi wamefika altareni, wamekaa, padre ameshafungua kitabu, sisi tuko ubeti wa kwanza. Mama wa bibi harusi akalia, watu wakadhani ni furaha.

#19 Mchokozi_Tz
Nukta moja imegeuza harusi kuwa msiba 😂😂

#20 Katanga_Basse
Bandugu jambo. Hapa Lubumbashi tunasoma nota kwa Kifaransa. Krocheti yenu njo *noire* yetu. Kwava yenu njo *croche*. Mnasikia hatari iko wapi? Ndugu mmoja wa Kigoma alikuja kutusaidia na kwaya, anasema "krocheti yenye nukta", sisi tunasikia *croche pointée*. Yeye anangoja pigo moja na nusu, sisi tunaimba robo tatu na kunyamaza. Nusu kabisa ya ile anataka. Mazoezi mawili yote tulifikiri anatukasirikia bure.

#21 Mtanzania_Minnesota
Huku nako ni shughuli nyingine. Krocheti wanaiita robo nota, minimu nusu nota, kwava thumni. Kwa hiyo nukta ya robo ni thumni, basi, haina falsafa. Robo na thumni. Nadhani majina haya yanasaidia maana nusu ya robo kila mtu anaijua.

#22 BesiWaKona
Robo ya nini sasa mkuu?

#23 Mtanzania_Minnesota
Ya nota nzima, yaani semibrivi. Siyo ya pigo. Ndiyo, najua, nimekurudisha ulikotoka.

#24 MzeeWaSolfa
Vijana, nimesoma mpaka hapa nimenyamaza. Mleta mada kauliza jambo la msingi na mmelipita: nukta ya solfa na nukta ya mistari ni watu wawili tofauti wenye jina moja.

Kwenye solfa nukta mbili (:) zinatenganisha pigo na pigo. Nukta moja (.) inalikata pigo katikati. Mkato (,) unakata robo. Kistari (-) kinaendeleza sauti iliyotangulia. Krocheti yenye nukta ikifuatwa na kwava, sisi tunaandika:

| d :- .r |

Soma: d pigo zima, kistari kinaiendeleza kwenye pigo la pili, nukta inalikata pigo hilo katikati, nusu iliyobaki ni ya r. Kwa hiyo d imepata pigo moja na nusu BILA nukta kuongeza chochote. Kazi ya kuongeza imefanywa na kistari. Nukta imekuja kuzuia.

Kwava yenye nukta na semikwava yake ni hivi:

| d ., r |

Robo tatu kwa robo. Mtu aliyelelewa hivi ukimwambia "nukta inaongeza", kichwani mwake ni kama kumwambia kisu kinaongeza mkate.

#25 BesiWaKona
MZEE SHIKAMOO. Hapo ndipo nilipokwama na sikujua namna ya kusema.

#26 MzeeWaSolfa
Marahaba.

#27 Mchokozi_Tz
Solfa si wametuletea Wajerumani enzi za misheni? Wakati umefika tuiache.

#28 MzeeWaSolfa
Si Mjerumani. Alianza mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaichukua karne ya 19 akaitengeneza na kuieneza, wamisionari wakaibeba. Na kabla hujaiacha, Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 huko Afrika Kusini wimbo ambao leo sauti yake ndiyo wimbo wa taifa letu, aliuandika kwa solfa. Ukisimama uwanjani mkono kifuani, umesimamia solfa.

#29 Frateri_Mpole
Naongeza kuni. Sisi seminarini tunaimba Gregoriani, zile nyimbo za kale za Kanisa, kutoka vitabu vya watawa wa Solesmes, Ufaransa, mistari minne badala ya mitano. Humo nako kuna nukta pembeni ya nota, na maana yake ni kuirefusha karibu mara MBILI. Si nusu. Siku ya kwanza nilipohamia kwaya ya kawaida, kila nota yenye nukta nilikuwa naivuta mara mbili na kuwachelewesha wenzangu.

Kwa hiyo hesabuni: solfa inakata, mistari mitano inaongeza nusu, Gregoriani inaongeza nzima.

#30 AltoKisumu
Na ile inayokaa JUU au CHINI ya kichwa cha nota, ambayo inakuambia uikate fupi. Hiyo je? @BesiWaKona una uhakika zako zote ziko pembeni?

#31 BesiWaKona
Za kwetu ziko pembeni kulia. Nyingi.

#32 Katanga_Basse
"Nyingi" 😅

#33 FundiKinanda
Frateri, kwa nini iwe nusu na si kitu kingine? Nyie ndio mnasomeshwa historia.

#34 Frateri_Mpole
Nilivyofundishwa: karne za kati nota nyingi zilihesabiwa kwa tatu, na tatu iliitwa kamilifu, wakiwazia Utatu Mtakatifu. Alama ya mwendo wa tatu ilikuwa duara kamili. Wa mbili ulikuwa duara lililokatika, na ndiyo ile C mnayoiona mpaka leo mwanzoni mwa nyimbo za 4/4. Siyo herufi. Sasa kwenye mwendo wa mbili, ukitaka nota moja ipate ukamilifu wa tatu, unaiwekea nukta. Mbili inakuwa tatu. Hiyo ndiyo "nusu" yenu.

Ila enzi hizohizo kulikuwa na nukta nyingine iliyokuwa inatenganisha tu makundi bila kuongeza kitu. Mzee wa solfa angejisikia nyumbani.

#35 Mtanzania_Minnesota
Niliambiwa ile C ni kifupi cha neno la Kiingereza la "kawaida". Miaka yote.

#36 Frateri_Mpole
Wengi wameambiwa hivyo.

#37 Kasorobo
Mie naona maelezo ya Utatu ni mazuri ila hayamsaidii mtu aliye katikati ya mazoezi. Nukta ipo kwa sababu moja: kuokoa wino. Bila yake ungeandika upinde kila pahala.

#38 Frateri_Mpole
Upinde umekuja baadaye sana, kaka. Huwezi kuokoa wino wa kitu ambacho hakijazaliwa.

#39 Kasorobo
Hapo umenishika.

#40 Harusi_Mbili
Mie nina lingine. Kwava yenye nukta na semikwava: ni tatu kwa moja, sivyo? Mbona kwaya karibu zote ninazozisikia zinaimba mbili kwa moja, ile ya kuyumbayumba?

#41 FundiKinanda
Uvivu. Programu ya kompyuta inakupigia robo tatu kwa robo bila kuteleza. Sikiliza, iga.

#42 MzeeWaSolfa
Si uvivu. Ngoma zetu nyingi zinakwenda tatu tatu. Mtunzi amesikia tatu kichwani, akaandika kwa mapigo ya mbili kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, nukta ikamsaidia kukaribia. Mwimbaji anairudisha ilikotoka. Aliyekosea ni kalamu.

#43 FundiKinanda
Mzee, kwa heshima yako, basi aandike 6/8. Kalamu haikulazimishwa.

#44 Frateri_Mpole
Hata Ulaya hawakuwa roboti. Quantz, mwanamuziki Mjerumani, kwenye kitabu chake cha filimbi cha 1752 anataka nota yenye nukta ivutwe zaidi ya ilivyoandikwa na ile fupi iwe fupi zaidi. Leopold Mozart, baba yake Mozart, mwaka 1756 akapendekeza waandike nukta mbili ili watu waache kubahatisha. Kwa hiyo wao walikuwa wanakwenda upande wa pili, kuifanya kali zaidi ya tatu kwa moja. Sisi tunailainisha.

#45 Mchokozi_Tz
Kwa hiyo nukta ni ushauri tu. Sawa.

#46 FundiKinanda
HAPANA. Chukua ule wa Krismasi wa Gruber wa 1818, usiku mtakatifu. 6/8, unaanza na kwava yenye nukta, semikwava, kwava. Ukilainisha pale, utulivu wote unaondoka, unakuwa wimbo wa kuchezea.

#47 MzeeWaSolfa
Kwa solfa ni | s :- .l :s | m :- :- |. Angalieni vizuri mwanzo wake: "s :- .l". Linganisheni na "d :- .r" niliyoandika #24. Umbo ni lilelile. Kwenye mistari moja ni krocheti yenye nukta, nyingine ni kwava yenye nukta. Solfa inahesabu pigo, mistari inahesabu umbo la nota.

#48 AltoKisumu
Mzee umeandika kila kwava kama pigo. Kwa hivyo ni SITA. Asante kwa kuniunga mkono.

#49 MzeeWaSolfa
Sikukuunga mkono, nimeandika tu.

#50 BesiWaKona
Wakuu, jana tulikuwa na mazoezi. Minimu yenye nukta nimeipatia mara zote, MamaNyanya pokea maua yako. Mwalimu kaniuliza nimesoma wapi, nikasema sokoni.

Ila kuna jipya. Bari ya 12 kwenye 4/4, besi tumeandikiwa: krocheti yenye nukta, kwava, krocheti yenye nukta, krocheti. Nimehesabu mara tatu kwa njia ya #3: 1½ + ½ + 1½ + 1. Inakuja 4½. Nimekosea wapi?

#51 FundiKinanda
Hujakosea. Bari imezidi nusu pigo. Ama ile krocheti ya mwisho ilitakiwa iwe kwava, ama nukta ya pili haipo.

#52 Sauti_ya_Tatu
Mimi nimo kwaya hiyohiyo, sauti ya tatu hatuna nukta hapo. Tuna krocheti nne.

#53 Katanga_Basse
Hiyo nukta ya pili imekaa wapi? Nota ikiwa juu ya mstari, nukta haikai juu ya mstari, inapandishwa kwenye nafasi ya juu yake ili ionekane. Ukiiona imelala kwenye mstari, njo uchafu wa mashine ya fotokopi.

#54 BesiWaKona
Imelala juu ya mstari kabisa.

#55 Harusi_Mbili
Uchafu huo. Kesi imekwisha.

#56 Kasorobo
Haijakwisha. Nakala ni ya kompyuta au ya mkono? Programu huipandisha yenyewe, mwandishi wa mkono huweka popote.

#57 BesiWaKona
Ya mkono. Na nimeangalia vizuri, kuna nukta nyingine tatu ukurasa huohuo zimelala juu ya mstari, na hizo zote bari zake zinatimia nne.

#58 Katanga_Basse
Ah. Basi sijui tena.

#59 MzeeWaSolfa
Maneno ya wimbo hapo yanasemaje? Silabi ya tatu ni nzito au nyepesi? Kama ni nzito nukta ni ya kweli, kata ile ya mwisho.

#60 BesiWaKona
Silabi ya tatu ni "wa".

#61 MzeeWaSolfa
Hiyo haisaidii.

#62 BesiWaKona
Mrejesho. Mtunzi yupo hai, mwalimu kampigia simu mbele yetu akamsomea bari ya 12 yote. Mtunzi kamsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Imbeni kama ilivyoandikwa."

#63 MamaNyanya
Nne na nusu hiyo hiyo 😂😂😂

#64 FundiKinanda
Andikeni juu yake 9/8 muendelee na maisha.

#65 AltoKisumu
9/8 ina mapigo mangapi?

#66 FundiKinanda
Usianze.